Ridoksi na volti za seli: njia ipi ya kusawazisha, njia ipi ya kukokotoa

Mwanafunzi anapofika kwenye mada ya ridoksi na seli za kemikali, iwe ni kidato cha nne nchini Kenya au kidato cha tano na cha sita nchini Tanzania, hukabidhiwa kazi mbili ambazo kila moja ina njia zaidi ya moja ya kuifanya. Ya kwanza ni kusawazisha milinganyo ambayo haikubali kusawazishwa kwa kuitazama tu. Ya pili ni kukokotoa volti za seli kutoka katika jedwali lenye namba za chanya na hasi. Kitabu kimoja humfundisha njia hii, mwalimu wa masomo ya ziada humfundisha nyingine, na kaka aliyemtangulia shuleni humpa ya tatu. Kila njia ni sahihi ikifuatwa mwanzo hadi mwisho. Katika miaka yangu ya kufundisha nimeona kwamba makosa mengi ya mada hii hayatokani na kutojua njia, bali na kuchanganya nusu ya njia moja na nusu ya nyingine. Kwa hiyo nitaziweka njia hizi bega kwa bega, nieleze kila moja inafaa wapi na inaponza wapi, kisha niseme waziwazi ipi ningependa mwanafunzi aishike kwanza.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Oksidesheni imewahi kuelezwa kwa namna tatu: kupokea oksijeni, kupoteza elektroni, na kupanda kwa namba ya oksidesheni, yaani chaji ambayo atomu huhesabiwa kuwa nayo ndani ya msombo. Ridaksheni ni kinyume chake katika kila maelezo, na mmenyuko wenye yote mawili kwa pamoja ndio huitwa ridoksi. Maelezo ya oksijeni yanatosha pale haidrojeni inapopitishwa juu ya oksidi ya shaba iliyopashwa moto, ikabaki shaba na maji, lakini yanakwama magnesiamu inapoungua ndani ya gesi ya klorini, ambamo hamna oksijeni hata kidogo ilhali magnesiamu inapoteza elektroni vilevile. Yachukue kama historia ya neno, usiyategemee. Maelezo mawili yaliyobaki ndiyo yanayozaa njia mbili za kusawazisha.

Kwa nini macho hayatoshi

Wapo wanaouliza kwa nini tusijaribu namba mpaka atomu zilingane, kama tunavyofanya kwenye milinganyo ya kawaida. Chukua pamanganeti na peroksidi ya haidrojeni katika asidi. Mwanafunzi hodari wa kuhesabu anaweza kuandika:

2MnO₄⁻ + H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 3O₂ + 4H₂O

Hesabu oksijeni: kumi kushoto, kumi kulia. Hesabu haidrojeni: nane na nane. Chaji ni +4 pande zote mbili. Mlinganyo umesawazika kabisa, na bado si sahihi. Ulio sahihi ni huu:

2MnO₄⁻ + 5H₂O₂ + 6H⁺ → 2Mn²⁺ + 5O₂ + 8H₂O

Tofauti haionekani mpaka uulize ni nani aliyetoa elektroni na ni ngapi. Manganizi inashuka kutoka +7 hadi +2, hivyo ayoni mbili za pamanganeti zinadai elektroni kumi. Molekuli moja ya peroksidi inapogeuka kuwa gesi ya oksijeni hutoa elektroni mbili tu, hivyo zinahitajika molekuli tano kulipa deni hilo. Katika mlinganyo wa kwanza deni la kumi limelipwa kwa mbili, na hesabu ya atomu haikuweza kuligundua kwa sababu oksijeni ya upande wa kulia inaonekana mahali pawili, ndani ya gesi na ndani ya maji, kwa hiyo inaweza kuhamishwa huku na huko bila kuvunja jumla. Ukifanya majaribio ya titresheni, yaani kupima ukolezi kwa kudondosha myeyusho mmoja ndani ya mwingine mpaka mmenyuko ukamilike, kwa kutumia mlinganyo ule wa kwanza, jibu lako la ukolezi wa peroksidi litakuwa moja ya tano ya ukweli. Ndiyo sababu ridoksi inadai njia inayofuatilia elektroni zenyewe.

Namba ya oksidesheni na nusu-mlinganyo

Njia ya namba ya oksidesheni huutazama mmenyuko mzima kwa pamoja. Unaandika namba ya kila elementi, unatafuta ipi imepanda na ipi imeshuka, unavizidisha ili jumla ya kupanda iwe sawa na jumla ya kushuka, halafu unamalizia atomu zilizobaki. Njia ya nusu-mlinganyo huugawa mmenyuko vipande viwili, kimoja cha kutoa elektroni na kimoja cha kupokea, ikasawazisha kila kipande peke yake kwa maji, ayoni za haidrojeni na elektroni, kisha ikaviunganisha baada ya elektroni kulingana.

Tuzipime kwa shaba na asidi ya nitriki iliyozimuliwa, kwa sababu mmenyuko huu una mtego mzuri. Kwa njia ya namba, shaba inapanda kutoka 0 hadi +2 na nitrojeni inashuka kutoka +5 hadi +2. Kupanda ni mbili, kushuka ni tatu, basi tunachukua shaba tatu na nitrojeni mbili. Wengi huandika 2HNO₃ na kufurahi, kisha hujikuta hawana nitrojeni ya kutosha kutengeneza naitreti ya shaba, kwa kuwa kila ayoni ya shaba hufuatana na naitreti mbili ambazo hazikubadilika kamwe. Asidi hapa inafanya kazi mbili: molekuli mbili zinapokea elektroni, na sita zinatoa naitreti za kuandamana na shaba. Jumla ni nane:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Kwa njia ya nusu-milinganyo mtego huo haupo, kwa sababu zile naitreti za kuandamana hazikuingizwa tangu mwanzo:

Cu → Cu²⁺ + 2e⁻
NO₃⁻ + 4H⁺ + 3e⁻ → NO + 2H₂O

Zidisha wa kwanza kwa tatu na wa pili kwa mbili, jumlisha, na elektroni sita zinafutana. Ayoni nane za haidrojeni zimejitokeza zenyewe, bila kukisiwa. Tena, na hili ndilo linaloniegemeza upande wake, nusu-milinganyo hii miwili ndiyo hiyohiyo utakayoikuta kwenye jedwali la potenshali, yaani volti ya kila nusu-mlinganyo, ule wa naitreti ukiwa na +0.96 V na wa shaba ukiwa na +0.34 V. Aliyesawazisha kwa nusu-milinganyo amekwisha kufanya nusu ya kazi ya swali linalofuata. Aliyesawazisha kwa namba za oksidesheni itambidi arudi nyuma auvunje mmenyuko upya.

Sisemi kwamba njia ya namba itupwe. Kuna mahali ambapo nusu-mlinganyo unakuwa maigizo. Ndani ya tanuri la kuyeyushia chuma hakuna maji wala ayoni za haidrojeni. Kuna oksidi ya chuma, kaboni monoksidi na joto. Hapo ni rahisi na ni kweli zaidi kusema kwamba kila chuma kinashuka tatu, kila kaboni inapanda mbili, na Fe₂O₃ yenye chuma mbili inahitaji CO tatu. Hali kadhalika amonia inapoungua juu ya platinamu wakati wa kutengeneza asidi ya nitriki: nitrojeni inatoka −3 hadi +2, yaani hatua tano, molekuli ya oksijeni inapokea nne, na mara moja unapata 4NH₃ + 5O₂, bila kuandika elektroni hata moja.

Namba ya oksidesheni pia ndiyo chombo cha kutambua. Ukiulizwa kama mmenyuko fulani ni wa ridoksi au la, usianze kuugawa vipande, pitia namba. Asidi ya haidrokloriki ikimwagwa juu ya kalsiamu kaboneti, povu linatoka kwa nguvu, lakini kaboni imebaki +4 na hakuna kilichopanda wala kushuka. Povu si ushahidi wa ridoksi. Klorini ikipitishwa ndani ya alikali baridi, kinyume chake, hakuna fujo ya kutisha macho, ilhali klorini ileile imegawanyika, nusu ikishuka hadi −1 na nusu ikipanda hadi +1. Bila namba, mwanafunzi hawezi kuona kwamba kitu kimoja kimetoa na kupokea kwa wakati mmoja.

Chombo hicho kinachechemea kwenye misombo ambayo elementi moja inakaa mahali tofauti tofauti ndani ya molekuli. Thayosalfeti, S₂O₃²⁻, inaipa salfa namba +2. Tetrathayoneti, S₄O₆²⁻, inaipa +2.5. Mwanafunzi anaposikia namba yenye nusu hudhani amekosea na kuanza upya, wakati hajakosea. Ile ni wastani tu wa atomu nne zisizofanana. Nusu-mlinganyo haujishughulishi na wastani huo:

2S₂O₃²⁻ → S₄O₆²⁻ + 2e⁻

Unasawazisha salfa, unatazama chaji, −4 kushoto na −2 kulia, unaongeza elektroni mbili kulia, umemaliza. Kwa titresheni ya ayodini, ambayo ni mazoezi ya kawaida ya maabara, njia ya nusu-mlinganyo haina mpinzani.

Ndani ya myeyusho wa alikali kuna uchaguzi mwingine mdogo. Wapo wanaosawazisha moja kwa moja kwa kutumia ayoni za haidroksidi na maji, na wapo wanaosawazisha kana kwamba ni asidi, kisha mwishoni wanaongeza OH⁻ pande zote mbili ili kuziua H⁺. Mimi nashauri ya pili bila kusita, kwa kuwa mwanafunzi anabaki na utaratibu mmoja wa kukumbuka. Pamanganeti na salfaiti zitakupa kwanza:

2MnO₄⁻ + 3SO₃²⁻ + 2H⁺ → 2MnO₂ + 3SO₄²⁻ + H₂O

Ongeza OH⁻ mbili kila upande. Kushoto zinaungana na H⁺ kuwa maji mawili, moja linafutana na la kulia, na linabaki jibu:

2MnO₄⁻ + 3SO₃²⁻ + H₂O → 2MnO₂ + 3SO₄²⁻ + 2OH⁻

Hakikisha kwa chaji: −8 na −8. Chaji ni shahidi ambaye wanafunzi wengi humsahau, na ndiye anayegundua kosa haraka kuliko wote, hata kuliko hesabu ya oksijeni.

Basi kwa anayeanza: jifunze kutoa namba za oksidesheni ili uweze kutambua, lakini kusawazisha kokote kunakohusu ayoni ndani ya maji kufanye kwa nusu-milinganyo. Rudi kwenye namba pale tu mmenyuko unapokuwa wa gesi na yabisi.

Anodi na kathodi

Kabla ya volti, neno moja juu ya majina ya elektrodi, kwa sababu hapa watu hukariri alama za chanya na hasi na kujitia matatani. Katika seli inayotoa umeme, anodi ni hasi. Katika chombo cha elektrolisisi, ambamo umeme unaingizwa kutoka nje, anodi ni chanya. Aliyekariri kwamba anodi ni chanya atakosea kwenye betri, na aliyekariri kinyume chake atakosea kwenye elektrolisisi. Lisilobadilika ni kwamba oksidesheni hutokea kwenye anodi na ridaksheni kwenye kathodi, katika vyombo vyote viwili. Kiswahili kinatusaidia kulikumbuka: anodi na oksidesheni huanza kwa irabu, kathodi na ridaksheni huanza kwa konsonanti. Shika hilo, na alama uzitafute baadaye kwa kuuliza elektroni zinaelekea wapi.

Kutoa, kugeuza alama, au kuchora mstari

Seli ambayo John Frederic Daniell aliitengeneza London mwaka 1836 ndiyo bado tunayoifundishia: kipande cha zinki ndani ya myeyusho wa salfeti ya zinki, kipande cha shaba ndani ya salfeti ya shaba, na kati yao kitu kinachopitisha ayoni bila kuruhusu miyeyusho ichanganyike ovyo. Jedwali linatupa Zn²⁺/Zn kuwa −0.76 V na Cu²⁺/Cu kuwa +0.34 V, zote zikiwa zimepimwa dhidi ya elektrodi ya haidrojeni ambayo imepewa sifuri kwa makubaliano.

Njia ya kwanza ni kutoa: potenshali ya kathodi ukitoa potenshali ya anodi, zote kama zilivyoandikwa kwenye jedwali. 0.34 − (−0.76) = 1.10 V. Njia ya pili ni kugeuza: kwa kuwa zinki inafanya oksidesheni, geuza nusu-mlinganyo wake, geuza alama yake iwe +0.76, kisha jumlisha. 0.34 + 0.76 = 1.10 V. Njia ya tatu ni kuchora mstari wa namba, kuweka −0.76 na +0.34 mahali pake, na kupima umbali kati yake.

Zote zinakubaliana. Hatari ni pale mwanafunzi anapogeuza alama kisha akatoa, na kupata 0.34 − 0.76 = −0.42 V kwa seli ambayo tangu karne ya 19 watu wamekuwa wakipata umeme kutoka kwake. Kosa hilo nimelisahihisha kwenye madaftari mara nyingi mno, na karibu kila mara mwenye daftari alikuwa amefundishwa njia mbili na watu wawili tofauti.

Kwa nini ipo njia ya kugeuza? Sehemu ya jibu ni historia. Zamani vitabu vingi vya Marekani viliorodhesha potenshali za oksidesheni, zinki ikiandikwa +0.76, wakati Ulaya nyingi ilifuata alama ya kinyume, na kujumlisha lilikuwa jambo la kawaida kwa waliosoma majedwali yale. Mwaka 1953, katika mkutano wake wa Stockholm, IUPAC, jumuiya ya kimataifa ya kemia, iliamua kwamba potenshali ya elektrodi iandikwe kwa upande wa ridaksheni. Majedwali tunayopewa kwenye mtihani leo yanafuata uamuzi huo, kwa hiyo njia inayoyatumia kama yalivyo, yaani ya kutoa, ina sababu moja zaidi ya kupendelewa. Iko sababu nyingine ya ndani zaidi. Alama ya −0.76 inaeleza kipande cha zinki chenyewe, kwamba kikiunganishwa na elektrodi ya haidrojeni kitakuwa upande hasi wa voltimita, na kipande hicho hakigeuki kuwa chanya kwa sababu sisi tumeandika mlinganyo wake kutoka kulia kwenda kushoto.

Mstari wa namba naupenda kwa kazi moja maalumu: pale potenshali zote mbili ni hasi. Zinki na chuma ni −0.76 na −0.44. Mwanafunzi anayeziona hasi mbili hujumlisha na kupata 1.20 V, anayechora mstari huona kwamba zote ziko upande mmoja wa sifuri na umbali kati yake ni 0.32 V tu. Mstari pia unamwonyesha papo hapo nani atatoa elektroni: aliye chini.

Hapa kuna mfano ulio juu ya vichwa vyetu. Kiswahili kina neno moja, bati, kwa madini na kwa karatasi za kuezekea nyumba, lakini mabati ya paa kwa desturi ni chuma kilichopakwa zinki, si madini ya bati. Makopo ya chakula ndiyo chuma kilichopakwa bati lenyewe, ambalo potenshali yake ni −0.14 V. Weka zote tatu kwenye mstari: zinki −0.76, chuma −0.44, bati −0.14. Paa likikwaruzwa mpaka chuma kikaonekana, zinki iliyo chini yake kwenye mstari hutoa elektroni kwanza na chuma kinalindwa. Kopo likikwaruzwa, aliye chini ni chuma, na bati juu yake linamharakisha kuoza badala ya kumlinda, kwa tofauti ya 0.30 V. Sababu hiyohiyo ndiyo inayowafanya mafundi wa meli wafunge vipande vya zinki kwenye matumbo ya vyombo vya chuma vinavyoelea ndani ya maji ya chumvi.

Kwa mtihani, basi, tumia kutoa. Kwa kufikiri nani anamshinda nani, chora mstari. Kugeuza alama kuache, isipokuwa kama umekwisha kukuzoea na hukosei. Asiyekosea hana haja ya kubadilishwa.

Kuzidisha au kutozidisha

Tuunganishe shaba na fedha. Nusu-mlinganyo wa fedha, Ag⁺ + e⁻ → Ag, una +0.80 V, na ili elektroni zilingane na mbili za shaba lazima tuuzidishe kwa mbili. Je, potenshali nayo izidishwe iwe 1.60? Hapana. Volti ya seli ni 0.80 − 0.34 = 0.46 V. Bei ya kilo ya sukari haibadiliki kwa sababu umenunua kilo mbili; kinachoongezeka ni fedha unayolipa. Volti ni bei, nishati kwa kila kizio cha chaji. Kinachozidishwa ni jumla, ambayo kwenye kemia ni nishati huru, ΔG° = −nFE°, ambamo n ni idadi ya elektroni, E° ni volti za jedwali na F ni takribani kulombi 96,485 kwa kila moli.

Mfano wa sukari unatuonyesha pia pale ambapo idadi ya elektroni lazima ihesabiwe. Ukitaka potenshali ya Fe³⁺ kwenda Fe, na jedwali linakupa Fe³⁺ kwenda Fe²⁺ kwa +0.77 V na Fe²⁺ kwenda Fe kwa −0.44 V, huwezi kujumlisha bei mbili na kusema 0.33. Umechukua elektroni moja kwa bei ya kwanza na mbili kwa bei ya pili. Jumla ya gharama ni (1 × 0.77) + (2 × −0.44) = −0.11, na ukiigawa kwa elektroni tatu unapata takribani −0.04 V. Alama imegeuka kabisa kutoka jibu la haraka. Kanuni ya kuchagua ni hii: nusu mbili zinapoungana kuwa seli nzima, elektroni zote zinafutana, basi toa volti moja kwa moja, zinapoungana kuwa nusu nyingine ambayo bado ina elektroni, pitia kwenye jumla ya gharama. Swali la namna hii halitokei kila mwaka, lakini likitokea huwatenga walioelewa na waliokariri.

Jedwali au mlinganyo wa Nernst

Namba za jedwali ni za hali sanifu: nyuzi 25 za Selsiasi, ukolezi wa moli moja kwa lita, gesi kwa shinikizo linalokaribia la kawaida la hewa. Swali lisipotaja ukolezi mwingine, jedwali linatosha na Nernst ni mzigo wa bure. Ukolezi ukitajwa, unatumia mlinganyo ambao Walther Nernst aliutoa mwaka 1889, ambao kwa nyuzi 25 huandikwa:

E = E° − (0.0592 ÷ n) × log Q

E ni volti za seli kwa ukolezi uliotajwa, E° ni zile za hali sanifu, na Q ni uwiano wa ukolezi wa mazao kwa ukolezi wa viambato, na kila kimoja kinapandishwa kwa kipeo cha namba yake kwenye mlinganyo uliosawazishwa, jambo ambalo linaturudisha kwenye umuhimu wa kusawazisha sawasawa. Rudi kwenye seli ya Daniell. Ayoni za zinki zikiwa moli 1.0 kwa lita na za shaba 0.010, Q ni 100, log yake ni 2, na E = 1.10 − (0.0592 ÷ 2) × 2 = 1.04 V. Ukolezi umepungua mara mia, volti zimepungua 0.06 tu. Ndiyo sababu kwa swali la ndiyo au hapana, yaani kama mmenyuko utakwenda au hautakwenda, jedwali peke yake kwa kawaida linatosha endapo tofauti ya potenshali ni kubwa. Ili volti za seli hiyo zifike sifuri, Q lazima ifike takribani 10³⁷, yaani ukolezi wa ayoni za shaba ushuke hadi kiwango ambacho kwa vitendo ni kutokuwapo kabisa. Tofauti ikiwa ndogo, tuseme 0.05 V, hapo ukolezi unaweza kugeuza mwelekeo, na Nernst anakuwa wa lazima. Risasi na bati, −0.13 na −0.14, ni mfano wake: jedwali linatoa 0.01 V, na ukolezi mdogo wa ayoni za risasi unatosha kuugeuza mmenyuko urudi nyuma.

Kwenda na kwenda haraka

Liko jambo ambalo hakuna hata moja ya njia hizi inayolipima, na mwanafunzi asipoambiwa atadhani jedwali limemdanganya. Shaba haiyeyuki kwenye asidi ya haidrokloriki, na jedwali linakubali: 0 − 0.34 ni hasi. Inayeyuka kwenye asidi ya nitriki, na jedwali linakubali tena: 0.96 − 0.34 ni +0.62 V. Sasa tazama pamanganeti yenye +1.51 V na oksijeni ya maji yenye +1.23 V. Tofauti ni +0.28 V, maana yake pamanganeti ndani ya asidi ina uwezo wa kuoksidisha maji yenyewe ambamo imeyeyushwa. Hata hivyo tunautengeneza myeyusho huo, tunauweka kabatini, na wiki ijayo bado ni wa zambarau.

Volti chanya inasema mmenyuko umeruhusiwa, haisemi utachukua muda gani. Huu wa pamanganeti na maji ni wa polepole sana, lakini upo. Mwanga unauharakisha, na vilevile manganizi dioksidi, ule unga wa kahawia unaojikusanya kwenye kuta za chupa na ambao ni zao la kuoza huko. Kwa sababu hiyo fundi wa maabara mwangalifu huuhifadhi myeyusho kwenye chupa ya kahawia, huuchuja ukionyesha mashapo, na kila anapotaka kuutumia kwa titresheni huupima tena dhidi ya oksaleti badala ya kuamini ukolezi ulioandikwa kwenye karatasi. Daikrometi, yenye +1.33 V, inapatikana ikiwa safi na hukaa ndani ya maji bila kuoza kwa namna hiyo, hivyo unaweza kuipima kwa mizani, kuiyeyusha, na kuutegemea ukolezi wake kwa muda mrefu. Anayechagua kati ya hizo mbili kwa ajili ya kupima chuma ana jedwali linalompa pamanganeti 0.74 V dhidi ya Fe²⁺ na daikrometi 0.56 V, na zote zinatosha. Kitakachomwamulia ni kwamba pamanganeti inajionyesha yenyewe kwa rangi mwisho wa titresheni lakini inadai kupimwa upya, na daikrometi hukaa imara lakini inadai kiashirio, yaani kitu cha kuonyesha mwisho huo kwa kubadili rangi, tena ni sumu ambayo haifai kumwagwa kwenye sinki.